Simu ya Mkononi na Matamshi ya Kiingereza: Iwe Kioo, Isiwe Hakimu

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, katika chuo ambacho sitakitaja, aliniletea simu yake ya mkononi baada ya kipindi akaniomba niitazame kama imeharibika. Alikuwa akisomea uganga. Ndani ya simu ile ilikuwamo programu ya kufundishia matamshi ya Kiingereza, nayo ilimtaka atamke neno heart, yaani moyo. Alikwisha kulitamka mara 11, na mara zote 11 ilimtokea alama nyekundu ya kumwambia kwamba amekosea. Amekosea nini, haikumwambia. Nikamwomba alitamke mbele yangu. Irabu yake ilikuwa fupi mno, hata neno lilinifikia sikioni kama hat, yaani kofia. Nikamwambia akisahau Kiingereza kwa dakika moja, aseme paa, la nyumba, kisha aiweke h mahali pa p na kufunga neno kwa t. Akafanya hivyo, na moyo ukawa moyo. Simu haikuwa na kasoro yoyote.

Kisa hiki kidogo ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Siku hizi simu inasifiwa kila mahali kuwa ni mwalimu mpya wa lugha, na wako wakuu wa idara wanaodhani kwamba, madhali karibu kila mwanafunzi wa chuo kikuu anayo mkononi, basi kazi ya kufundisha matamshi imekwisha kupata mwenyewe. Mimi ni miongoni mwa wanaoipenda simu. Naamini kwamba hakijapata kutokea chombo kinachofaa kwa kazi hii kuliko hiki. Lakini naamini vilevile kwamba wengi wetu tunakitumia kinyume. Tumekifanya hakimu, ilhali kazi inayokifaa ni ya kioo.

Yatupasa kwanza kuitazama hali ilivyo. Mwanafunzi wa Tanzania aliyepitia shule za serikali husoma elimu ya msingi kwa Kiswahili, kisha huingia sekondari akakuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Afikapo chuo kikuu amekwisha kusoma maelfu ya kurasa za lugha hiyo, lakini saa alizoisikia ikisemwa na watu mbalimbali ni chache, na saa alizosikilizwa yeye akiisema ni chache zaidi. Katika darasa la wanafunzi 60, kipindi cha dakika 40 kikigawanywa sawasawa kitampa kila mmoja sekunde 40 za kusema, tena kwa sharti kwamba mwalimu mwenyewe akae kimya tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo sisi walimu hatujapata kuliweza. Kwa hiyo mwanafunzi huyu ameyajua maneno kwa macho. Huyatamka kama yalivyoandikwa, kwa kanuni za Kiswahili, lugha ambayo maandishi yake ni maaminifu kwa sauti. Na Kiingereza ni lugha ambayo maandishi yake yaliachana na matamshi karne kadhaa zilizopita.

Fikra ya kutumia mashine kwa kazi hii si ngeni. Thomas Edison alivumbua mashine ya kunasa sauti mwaka 1877, na mwaka uliofuata, alipotaja kazi alizotumaini kwamba mashine hiyo ingefanya, ufundishaji wa usemaji bora ulikuwa mojawapo. BBC ilianza vipindi vya kufundisha Kiingereza kwa redio mwaka 1943. Nchini Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980, uliendeshwa mradi wa kufundisha Kiingereza katika shule za msingi kwa njia ya redio: redio iliuliza, ikanyamaza kidogo, watoto wakajibu kwa pamoja. Ulikuwa utaratibu mzuri, ila redio haikuyasikia majibu. Vyuo vingi duniani vilijenga maabara za lugha katika miaka ya 1960 na 1970, vyumba vyenye vibanda, visikizio na mikanda ya kunasia sauti, na humo ndimo mwanafunzi wa kawaida alipoanza kujisikia mwenyewe. Lakini maabara ilikuwa chumba kimoja, chenye ufunguo mmoja na fundi mmoja, na mkanda ulipokatika somo nalo lilikatika.

Simu imezikusanya kazi hizi zote mahali pamoja. Humsomea mwanafunzi, humnasa, humrudishia sauti yake, na kuipeleka kwa mwalimu au kwa mwenziwe. Huko Uturuki, mwaka 2009, Murat Saran, Gölge Seferoğlu na Kürşat Çağıltay walieleza jinsi walivyowapelekea wanafunzi wa chuo kikuu masomo ya matamshi ya Kiingereza katika simu zao, kwa ujumbe wenye sauti na picha, na wakaridhika kwamba njia hiyo iliwasaidia. Mwaka huohuo, nchini Bangladesh, mradi wa BBC Janala ulianza kuwapa watu masomo ya Kiingereza ya dakika 3 kwa kupiga namba fupi kutoka simu yoyote, hata ile iliyo duni kabisa. Hivyo, swali la kama simu yafaa au haifai limekwisha jibiwa. Lililobaki ni kujua inafaa kwa nini.

Hapo hatuna budi kuuliza ni kitu gani hasa kinachomshinda msemaji wa Kiswahili. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza cha Uingereza, katika namna ambayo imezoeleka kufundishwa mashuleni, huhesabiwa kuwa na irabu 20, yaani 12 zilizo sahili na 8 zilizounganika. Wageni 20 wakitaka kulala katika nyumba yenye vyumba 5, watalala wanne wanne. Hat, kofia, hut, kibanda, heart, moyo, na hurt, kuumia: maneno haya manne, kwa ulimi wa wengi wetu, hulala katika chumba kimoja cha a. Ship, meli, na sheep, kondoo, hulala katika chumba cha i. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna hasara kubwa, kwa kuwa hakuna atakayedhani kwamba kondoo wametia nanga bandarini. Lakini daktari mwanafunzi anayetaka kueleza kama mgonjwa ana maumivu au ana ugonjwa wa moyo hawezi kutegemea bahati ya muktadha siku zote.

Tofauti ya irabu ni jambo la fizikia, na linaweza kupimwa. Nyuzi za sauti zilizomo kooni hutoa mlio wenye masafa mengi kwa wakati mmoja. Uwazi wa koo na kinywa, kama ule wa chupa inayopulizwa mdomoni mwake, huyakuza baadhi ya masafa hayo na kuyafifisha mengine. Ulimi ukisogea, umbo la uwazi hubadilika, na masafa yanayokuzwa hubadilika pamoja nalo. Mwaka 1952 Gordon Peterson na Harold Barney, wa maabara za Bell nchini Marekani, walichapisha vipimo vya irabu za wasemaji 76. Kwa wastani wa wanaume, irabu ya sheep ilikuwa na kilele cha kwanza kwenye hezi 270 na cha pili kwenye hezi 2290. Irabu ya ship ilikuwa na vilele vyake kwenye 390 na 1990. Paul Boersma na David Weenink, wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, wametunga programu ya kompyuta iitwayo Praat, inayotolewa bure, ambayo huonyesha vilele hivyo kwa picha. Sauti iliyonaswa kwa simu ya kawaida yaweza kuhamishiwa humo kwa dakika chache. Ningependa sana kuona mwalimu wa fizikia na mwalimu wa Kiingereza wakigawana kipindi kimoja cha namna hii. Kila mmoja angerudi ofisini amejifunza kitu kutoka kwa mwenzake, na wanafunzi wangekumbuka somo la mawimbi kwa muda mrefu kuliko wanavyolikumbuka kwa kutikisa kamba.

Hata hivyo, kuona si kusikia, na hapa ndipo penye kiini cha maoni yangu. Waswahili wa Mombasa hutofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni: p ya mnyama huitoa pamoja na pumzi, ya nyumba huitoa kavu. Wengi wetu wa bara tumeyasikia maneno haya maisha yetu yote bila kutambua kwamba yametofautiana. Masikio yetu hayana ugonjwa. Sauti iliingia kama kawaida, na akili ikaitupa kwa kuwa haikuiona kuwa na kazi. Tabia hii huanza mapema mno. Janet Werker na Richard Tees walionyesha mwaka 1984 kwamba watoto wachanga wa miezi 6 hadi 8 waliokuwa wakilelewa katika Kiingereza waliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo watu wazima wa lugha yao walishindwa kuzitofautisha, na kwamba walipokaribia kutimiza mwaka mmoja uwezo huo ulikuwa umepungua sana. Mtoto hujifunza lugha yake kwa kujifunza pia nini cha kupuuza.

Mwanafunzi wa chuo kikuu basi ana miaka 20 ya mazoezi ya kupuuza tofauti iliyoko kati ya ship na sheep. Kumwambia arudie neno mara 11 ni kumtaka alenge shabaha asiyoiona. Sikio lazima litangulie. Mwaka 1991 John Logan, Scott Lively na David Pisoni, waliokuwa Chuo Kikuu cha Indiana, walieleza walivyowafunza Wajapani kutofautisha r na l za Kiingereza. Hawakuhangaika na mahali pa kuweka ulimi. Waliwasikilizisha maneno yaliyosemwa na watu kadhaa mbalimbali, wakawataka wachague ni lipi katika mawili, na papo hapo wakawajulisha kama wamepata au wamekosa. Masikio yao yaliendelea, na uchunguzi uliofuata, uliochapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba matamshi nayo yalitengenea kwa kiasi fulani ingawa hakuna aliyeyagusa. (Wale miongoni mwetu ambao lugha zao za nyumbani hazitengi r na l, na ambao huenda kupiga kula siku ya kura, watawahurumia Wajapani hao kwa moyo wote.)

Jambo la kukumbuka katika kazi hiyo ni wingi wa wasemaji. Anayesikia neno kutoka kinywa kimoja hujifunza kinywa hicho. Anayelisikia kutoka vinywa 10, vya wanaume na wanawake, vijana na wazee, akili yake hulazimika kutafuta kile kilicho sawa kwa wote, na hicho ndicho sauti ya lugha. Zamani mwalimu asingeweza kuleta vinywa 10 darasani. Leo anaweza kuvibeba mfukoni. Wala si lazima viwe vya London. Mwanafunzi wetu atafanya kazi na Mhindi, Mnigeria, Mchina na Mskoti. Sauti zao nazo ziwemo, na ziwemo za madaktari na wahandisi wa Dar es Salaam na Nairobi wanaokisema Kiingereza vizuri.

Nitoe onyo moja kabla ya kuendelea, maana nimewaona walimu wakilikosea. Kufundisha matamshi kwa kumpigia mwanafunzi simu si sawa na kumpelekea sauti iliyonaswa. Mitambo ya simu ya kawaida, tangu zamani, hupitisha masafa ya baina ya hezi 300 na 3400 tu. Irabu hupita humo bila shida kubwa. Lakini s na f hutambulikana hasa kwa mvumo wao wa juu, na sehemu kubwa ya mvumo huo iko juu ya mpaka huo. Ndiyo sababu mtu akitaja jina lake kwenye simu humlazimu kusema s ya Salima, f ya Fatuma. Mitandao mipya hupitisha masafa mapana zaidi, hadi kufikia hezi 7000, lakini kwa sharti kwamba simu zote mbili na mitambo ya katikati iruhusu. Sauti iliyonaswa ndani ya simu yenyewe haina kizuizi hicho. Kwa hiyo tunase, tupelekeane, tusikilize, na tuache kulaumiana kwa s ambayo waya imeila njiani.

Kuna na mkazo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno yanayovunja kanuni hiyo ni machache. Barabara tunayopita kwa miguu hutiwa mkazo katika ba ya pili. Barabara yenye maana ya sawasawa hutiwa mkazo katika ra ya kwanza. Kwetu hiyo ni ajabu ya kuwachekeshea wageni, lakini katika Kiingereza ndiyo desturi ya kila siku. Fifteen ni 15 na fifty ni 50, na msikilizaji huzitenganisha kwa mkazo kuliko kwa n ile ya mwisho, ambayo mara nyingi haisikiki vizuri. Kosa la 15 na 50 katika dawa ni kosa la zaidi ya mara tatu. Si sisi tu tunaokosea hapo: wataalamu wa usalama wa dawa nchini Marekani huwashauri wauguzi wanaopokea maagizo kwa simu wazirudie namba hizo tarakimu kwa tarakimu, moja-tano, tano-sifuri. Ikiwa wenye lugha wenyewe hawajiamini, hapana haja ya mwanafunzi wetu kuona haya. Kuna haja ya kufundishwa mkazo, jambo ambalo silioni likipewa hata robo ya muda unaopewa sauti za th, ambazo msemaji wa Kiswahili anayetamka vyema thelathini na dhahabu anazo tayari.

Sasa nirudi kwa hakimu. Programu inayotoa alama nyekundu na kijani hufanya kazi kwa kulinganisha sauti ya mwanafunzi na mkusanyiko mkubwa wa sauti ambazo mashine ilifunzwa nazo. Sauti hizo zilitoka wapi? Mwaka 2020 Allison Koenecke na wenzake walichapisha uchunguzi wa mifumo 5 ya makampuni makubwa ya Marekani inayogeuza usemi kuwa maandishi. Kwa wasemaji weupe wa Marekani, mifumo hiyo kwa wastani ilikosea maneno 19 katika kila 100. Kwa wasemaji weusi wa nchi hiyohiyo ilikosea 35. Tufahamu vizuri maana ya tarakimu hizi. Wasemaji hao weusi hawakuwa wanafunzi wa Kiingereza. Ndiyo lugha waliyozaliwa nayo. Kama mashine iliwakosea hao karibu mara mbili ya wenzao, kwa haki gani tutaiachia imtolee alama binti wa Songea au Kigoma, na alama hiyo tuitie katika hesabu za mwisho wa mwaka? Najua kwamba mashine zinaendelea kurekebishwa, na kwamba mradi wa Common Voice, ulioanzishwa na Mozilla mwaka 2017, hukusanya sauti za watu wa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Siku mashine zitakapokuwa zimesikia Kiingereza cha Afrika Mashariki cha kutosha, nitakuwa tayari kulizungumza tena jambo hili. Kwa sasa, chuo kinachompa mwanafunzi maksi kwa alama nyekundu za programu kinafanya dhuluma, hata kama kinafanya hivyo kwa nia njema na kwa uchache wa walimu.

Tena hakimu huyo anapima kitu kisichohitajika. Murray Munro na Tracey Derwing, nchini Kanada, walionyesha mwaka 1995 kwamba lafudhi nzito na kutoeleweka ni mambo mawili. Wasikilizaji waliweza kuyaandika maneno ya mgeni bila kosa lolote, na papo hapo wakasema kwamba lafudhi yake ni nzito sana. Mfano ulio bora zaidi tunaupata katika urubani. Tarehe 12 Novemba 1996 ndege mbili ziligongana angani karibu na Charkhi Dadri, India, wakafa watu wote 349 waliokuwamo, na udhaifu wa lugha ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyozungumzwa sana katika uchunguzi wake. Miaka michache baadaye, mwaka 2003, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga liliweka kipimo cha Kiingereza cha marubani na waongozaji wa ndege, chenye ngazi 6. Ngazi ya 4 ndiyo inayotosha kwa kazi. Mtu wa ngazi hiyo anaruhusiwa matamshi yake yaathiriwe na lugha ya kwao, mradi athari hiyo isizuie uelewano ila mara mojamoja. Ikiwa watu wanaobeba roho za abiria 300 hawatakiwi kusema kama Waingereza, sijui kwa nini mwalimu wa jiografia atakiwe.

Wapo wasomi, na baadhi yao ni rafiki zangu, wanaolichukua jambo hili hadi mwisho wa pili. Husema kwamba Kiingereza chetu ni chetu, na kufundisha matamshi ni mabaki ya ukoloni. Naielewa hasira yao, kwa kuwa nami niliwahi kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la lugha. Lakini mwanafunzi aliyeandika kazi nzuri ya utafiti, akasimama mkutanoni kuisoma na asieleweke, hakupata ukombozi wowote. Jennifer Jenkins, katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, alijaribu kutenga yale matamshi ambayo yakiharibika hata wageni kwa wageni hawaelewani, na yale ambayo yakiachwa hayadhuru. Urefu na ufupi wa irabu aliuweka katika kundi la kwanza; sauti za th aliziacha nje. Mtu anaweza kubishana naye kwa hili na lile, lakini njia aliyoionyesha ndiyo ninayoifuata: tufundishe kinacholeta uelewano, mengine tumwachie mwenye ulimi.

Kwa hiyo simu itumiweje? Nieleze ninavyofanya mimi, kwa kuwa haihitaji fedha. Huchagua jozi tatu za maneno kwa juma, si zaidi. Huwaomba watu 8 wayasome katika simu yangu, kisha wanafunzi huyasikiliza na kuandika walilosikia, hadi wengi wao wapate tisa katika kumi. Baada ya hapo kila mmoja hujinasa akisoma sentensi 10. Huwakataza wasizisikilize kwa siku 3, maana aliyetoka kusema bado anasikia alichokusudia na si alichotamka. Watakapojisikia, wengi huichukia sauti yao na kudai kwamba simu imewaharibia. Huwaeleza kwamba sauti yako mwenyewe hukufikia kwa njia mbili, kupitia hewani na kupitia mifupa ya kichwa, na kwamba mifupa huongeza uzito wa chini ambao watu wengine hawausikii kamwe. Kwa hiyo hiyo ya kwenye simu ndiyo wanayoijua jirani zako. Mwisho, mwanafunzi humpa mwenziwe sauti ile bila maandishi, na mwenziwe huandika alichosikia. Neno lililoandikwa kwa kukosea ndilo litakalofanyiwa kazi juma linalofuata. Hakuna alama nyekundu. Kuna binadamu aliyeelewa au hakuelewa.

Sauti hupitishwa kutoka simu hadi simu kwa blututhi, bila kununua data, na asiye na simu hushirikiana na mwenye nayo. Kila mwanafunzi ana haki ya kufuta sauti yake kazi ikiisha, na asiyetaka isikike nje ya jozi yake halazimishwi. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022, lakini hata bila sheria, mwalimu asiyejua jinsi sauti ya mtu inavyoweza kugeuzwa dhihaka darasani hajakaa na vijana. Katika shule za sekondari ambako wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, moja ya mwalimu na kipaza sauti kidogo vinatosha kwa sehemu ya kusikiliza, na sehemu ya kuandikiana yaweza kufanywa kwa wanafunzi kupeana migongo, mmoja akisoma na mwingine akiandika.

Yule mwanafunzi wa uganga alijiunga na kikundi changu muhula uliofuata. Katika sentensi zake 10, mwenziwe aliandika 9 barabara, moyo na maumivu vikiwa kila kimoja mahali pake. Katika sentensi ya mwisho binti alisema miligramu 50, kijana akaandika 15. Wakaicheza sauti ile mara nne, yeye akishikilia kwamba amesema sawa na kijana akishikilia kwamba amesikia sawa, na kengele ilipolia walitoka nayo nje wakatafute mtu wa tatu wa kuisikiliza.